Baraza za Makiso

Msafiri ashukaye chomboni katika bandari ya Kisangani, baada ya kuupanda Mto Kongo kwa zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kinshasa, akiingia mitaa ya Makiso, katikati ya mji, hulakiwa na maduka. Na maduka yenyewe, hata yale ambayo rangi yake imeliwa na mvua na milango yake ya chuma imeshika kutu, aghalabu hayakosi kitu kimoja, nacho ni baraza pana mbele yake, iliyofunikwa na ghorofa ya juu na kushikwa na safu ya nguzo, ambayo mpita njia huifuata kutoka mlango hadi mlango asiguswe na jua.

Asili ya maduka hayo ni maji. Juu kidogo ya mji yapo maporomoko ya Boyoma, ambayo hakuna meli iwezayo kuyapita, na ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906, mpaka Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Mzigo, basi, hauna budi kushushwa, kuhesabiwa, kulazwa na kupakiwa tena. Na mzigo ukilala, mfanyabiashara naye hukaa. Mpelelezi Stanley aliweka kituo hapa Desemba 1883. Watu wa Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, wakakitwaa mwaka 1886. Na mwaka uliofuata Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaona heri amfanye Tippu Tip mwenyewe kuwa wali. Biashara yao ilikuwa pembe na, tusifiche, watumwa. Lakini waliacha nyuma yao lugha hii tuiandikayo, ambayo ingali ikisemwa mjini humo bega kwa bega na Kilingala.

Turudi barazani. Nyumba ya biashara ya zama za Wabelgiji ilipangwa kwa akili ya mtu aliyekwisha kuonja joto la Ikweta, maana mji uko nusu digrii tu kaskazini yake: duka chini, ghala nyuma, makazi ya mwenye duka juu, kuta nene, dari iliyoinuliwa ili hewa ya moto ipate pa kwenda, na chini ya dari matofali yenye matundu yanayopitisha upepo usiku na mchana. Sakafu imeinuliwa vidato viwili vitatu juu ya barabara, kwa kuwa hapa hakuna mwezi unaokosa mvua kabisa. Wagiriki, Wareno na Wahindi ndio waliosimama nyuma ya meza nyingi za maduka hayo, ilhali Mwafrika aliyeajiriwa Makiso, kama karani wa posta Patrice Lumumba, alitakiwa jioni arudi katika mitaa iliyotengwa kwa watu wake.

Miaka ya 1950 ikaleta zege na tamaa ya kwenda juu. Ndipo liliposimama jengo la fleti liitwalo Immoquateur, jina lililoungwa, kwa Kifaransa, kutokana na mali isiyohamishika na Ikweta. Jina la mfanyabiashara hasa! Waliodhani kuwa mali haihamishiki hawakukaa sana wakaelimika. Agosti 1964 waasi walioitwa Simba waliutwaa mji, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Kibelgiji waliposhuka, mateka ambao waasi hao walikuwa wamewaweka katika hoteli ya Victoria walitolewa barabarani, na wengi wakapigwa risasi.

Pigo lililofuata halikuwa na baruti. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe raia, na watu ambao hawakuwahi kuuza hata sabuni wakapokea funguo za maghala. V. S. Naipaul, katika riwaya yake ya mwaka 1979 juu ya mji usiotajwa jina ambao wasomaji wengi wameutambua kuwa ndio huu, amemweka Salim, mfanyabiashara kutoka pwani yetu, katika kiti cha mwajiriwa ndani ya duka lililokuwa lake. Mimi sijasoma mahali pengine palipoeleza vyema zaidi jinsi duka linavyokufa huku mlango ukiwa wazi.

Baadaye walikuja wanunuzi wa almasi, wakapaka kuta zao rangi kali na picha za mawe yanayong'aa. Kisha, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yakapigana katikati ya mji usiokuwa wao, makombora yakishuka kwa maelfu juu ya mapaa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda mwaka 2022 iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vile vya mashariki kwa jumla, na katika hizo milioni 40 tu zikawa za mali iliyoharibiwa.

Ukikaribia nguzo moja ya baraza hizo na kutazama mahali lipu ilipobanduka, utaona tabaka za rangi zikilaliana kama kurasa, kila mwenye duka na ukurasa wake, na chini kabisa tofali jekundu. Kando yake mbadilisha fedha ameweka kimeza chake na mabunda ya faranga yaliyofungwa mpira. Mvua inapopiga ghafla, waendesha toleka huingiza baiskeli zao ndani ya safu ya nguzo, pamoja na abiria na magunia ya mihogo, wakasimama wamebanana mbele ya mlango wa duka. Na mwenye duka, ambaye biashara yake yote imezibwa, huvuta kiti chake ndani kidogo ili wapate nafasi.