PROGRAMU NA KOMPYUTA YAKE: BITI 32 AU BITI 64?

Kila muhula hawakosi wanafunzi wanaokuja chumba cha kompyuta na flashi mkononi, wakiuliza kwa nini programu waliyoipakua kwa bando lao wenyewe inakataa kufunguka. Kompyuta huwajibu kwa Kiingereza kifupi ya kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi katika mashine hii, kisha basi. Wengi hudhani flashi ina virusi, au kompyuta za shule zimechoka. Mara nyingi sivyo. Faili ni zima na kompyuta ni nzima, ila kimoja hakikutengenezwa kwa ajili ya kingine. Kwa kuwa bando ni fedha, na kwa kuwa yuko mzazi aliyekaribia kupoteza hesabu za duka lake kwa jambo hili hili, nimeona yafaa nilieleze hapa kwa taratibu.

Ndani ya kila kompyuta mna kipande kidogo kinachofanya hesabu zote, nacho huitwa prosesa. Vitu inavyofanyia kazi huviweka katika kumbukumbu, na kila mahali pa kumbukumbu pana namba yake, mfano wa masanduku ya posta. Kama Posta ingeamua kwamba namba ya sanduku isizidi tarakimu mbili, masanduku yangekuwa 100 tu, tangu 00 mpaka 99, hata jengo likiwa na nafasi ya masanduku elfu kumi. Kompyuta nayo huandika namba zake kwa 0 na 1 peke yake, na kila tarakimu ya namna hiyo huitwa biti. Ukiandika namba za masanduku kwa biti 32, utapata masanduku 4,294,967,296 wala si zaidi, yaani gigabaiti 4. Ndiyo sababu Windows 10 ya biti 32 ikiwekwa katika kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, nusu yake hukaa bure. Na hata zile 4 haizipati zote, maana baadhi ya namba zimekwisha kupewa vyombo vingine kama kadi ya picha. Kwa biti 64 kikomo hicho huwa mbali mno hata hakuna haja ya kukifikiria.

Sasa majina, maana ndiyo yanayowapoteza watu wanapofika mahali pa kupakua. Kampuni ya Intel ilitoa prosesa iitwayo 8086 mwaka 1978, na baadaye zikaja 80286, 80386 na nyinginezo zenye mkia huo huo wa 86. Basi ukoo mzima ukaitwa x86. Ile 80386 ya mwaka 1985 ndiyo iliyouingiza ukoo huo katika biti 32. Mwaka 2003 kampuni ya AMD ikauza prosesa zilizoupanua ukoo huo mpaka biti 64, na Intel ikafuata njia ile ile. Kwa hiyo ukiona x86 peke yake, au i386, au i686, jua kwamba ni biti 32. Ukiona x64, x86_64 au amd64, ni biti 64. Nimemwona mtu mwenye kompyuta ya Intel akiliacha faili sahihi kwa sababu limeandikwa amd64. Lilikuwa lake kabisa. Jina hilo ni kumbukumbu tu ya nani aliyetangulia.

AMD hawakuitupa lugha ya zamani. Prosesa yao ya biti 64 iliendelea kuifahamu lugha ya biti 32, na hapa ndipo penye jambo ambalo napenda msomaji alishike kuliko yote: prosesa ya biti 64 yaweza kabisa kuwa imewekewa mfumo wa biti 32. Kompyuta nyingi zilizotumika ng'ambo na kuuzwa huku mitumba ziko hivyo. Mwenye mashine husoma karatasi iliyobandikwa ubavuni, huona sifa za prosesa, hupakua programu ya biti 64, nayo hukataliwa. Kinachoamua ni mfumo uliowekwa, yaani ile Windows au Linux yenyewe; prosesa huonyesha tu mpaka ambao mfumo hauwezi kuuvuka.

Upande wa pili kuna nafuu. Mfumo wa Windows wa biti 64 wa kompyuta hizi za kawaida hukubali programu za biti 32, maana umewekewa ndani yake sehemu maalumu ya kuzihudumia. Fungua diski C nawe utaona folda mbili, Program Files ya programu za biti 64, na nyingine ya jina lilo hilo lenye x86 mwishoni, ya zile za biti 32. (Jambo la kuchekesha ni kwamba folda iitwayo System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na iitwayo SysWOW64 ndiyo ya biti 32. Wenyewe wana sababu zao za kihistoria. Wewe usifute yoyote kati ya hizo mbili.) Lakini programu za biti 16, zile za siku za Windows 3.1, Windows ya biti 64 haizipokei.

Nafuu hiyo haifiki kwenye draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kusemezana na printa, skana au kadi ya mtandao. Draiva hufanya kazi ndani ya moyo wa mfumo, kwa hiyo lazima zilingane: mfumo wa biti 64 wataka draiva ya biti 64. Tukumbuke hayo wakati wa kuchapa mitihani, kabla ya kuitupia lawama printa.

Kujua mfumo wako ni kazi ya dakika moja. Katika Windows 10 au 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia System, kisha About, usome mstari wa System type. Mstari huo una sehemu mbili: ya kwanza yataja mfumo, ya pili yataja prosesa. Ukikuta 32-bit operating system, x64-based processor, basi kompyuta yako ni ya namna ile niliyoieleza. Katika Linux andika uname -m. Jibu la x86_64 ni biti 64, na i686 ni biti 32.

Yule mzazi alikuwa na kompyuta ya namna hiyo hiyo. Alitaka programu mpya ya hesabu, ikakataa, na fundi mmoja akamwambia aiache mashine hadi jioni aibadilishe iwe ya biti 64. Hakumwambia kwamba Windows ya biti 32 haigeuzwi kuwa ya biti 64 huku programu na mipangilio ikibaki mahali pake. Mfumo huwekwa upya, na mafundi wengi huanza kwa kuisafisha diski yote. Hesabu za miaka mitatu zilikuwa katika diski hiyo, wala hapakuwa na nakala mahali pengine. Bahati njema aliuliza kwanza. Tulipotazama pale alipoipakua programu, palikuwa na toleo la biti 32 mstari mmoja chini yake. Akaliweka, likafanya kazi siku ile ile, na hesabu zake tukazinakili katika diski ya nje.

Hata hivyo, siku moja itampasa kuhama. Windows 11 iliyotoka mwaka 2021 haina toleo la biti 32, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hata Debian, mfumo wa Linux uliozihudumia mashine kuukuu kwa miaka mingi, katika toleo lake la 13 la mwaka 2025 hautoi tena kisakinishi cha biti 32 kwa ukoo wa x86.

Uko ukoo mwingine, nao ni Arm, unaotumika katika karibu simu zote, katika kompyuta za Apple zilizoanza na M1 mwaka 2020, na katika baadhi ya kompyuta za Windows. Toleo lake la biti 64 huandikwa arm64 au aarch64. Neno 64 lisikudanganye; faili la arm64 haliendi katika kompyuta ya Intel.

Haya yote yanahusu programu na draiva. Insha uliyoiandika katika Word, picha za mahafali, au jedwali la alama za darasa havina habari ya biti 32 wala 64. Vibebe katika flashi upeleke mashine yoyote yenye programu ya kuvisoma, navyo vitafunguka.