Jasho la Binti Aliye Ughaibuni

Tulipozuru Yamumbi, kando ya mji wa Eldoret, mama mmoja alituuliza: “Sheikh, binti yangu yuko Saudia, afanya kazi za nyumbani. Ataka kutuma mshahara kwa sarafu za kidijitali ili aepuke ada. Je, yafaa?”

Tukamjibu kwamba nia ni njema, kwani ada za kutuma fedha Afrika zingali juu. Wala kupeleka mali pasipo kuibeba si jambo geni: Waislamu walitumia hawala karne nyingi kabla ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007.

Lakini thamani ya Bitcoin hupanda na kushuka kwa siku moja. Mshahara waweza kupungua kabla ya karo kulipwa. Zile zilizofungamanishwa na dola hutulia zaidi, ila zahitaji mtu wa kuzigeuza ziwe shilingi, na hapo ndipo matapeli huvizia. Benki Kuu ya Kenya ilitahadharisha tangu 2015, na Saudia ikaonya mwaka 2018. Wanazuoni nao wamekhitalifiana: Dar al-Ifta ya Misri iliharamisha Bitcoin, wengine wakajuzisha kwa masharti.

Basi twanasihi: binti asivunje sheria ya nchi aliyoko, atume kwa njia yenye leseni na risiti, wala asimpe yeyote neno lake la siri. Ada ni hasara ndogo. Amana ikipotea gizani, utamdai nani?

Mama akaitikia, akasema atampigia bintiye simu baada ya Isha.