MPENZI YUKO KAMBINI? USIMWAMBIE "TOROKA KIDOGO!"

Jumamosi imefika, Dodoma mjini kumenoga, lakini mtu wako aliye JKT Makutupora haonekani! Umeshaanza kununa: "Ana mwingine huyo." Tulia kwanza, shosti. Na wewe kaka usijifanye husikii, maana mabinti nao wanavaa kombati.

JKT ilianza mwaka 1963. Mwaka 1994 mafunzo ya lazima yakasimama, kisha 2013 vijana waliomaliza kidato cha sita wakaanza kuitwa tena kwa mujibu wa sheria. Wapo pia wa kujitolea. Wote, wakishaingia getini, muda si wao tena!

Tatizo letu raia ni kudhani kwamba "afande kaniambia niende" inatosha. Haitoshi! Ruhusa inapanda ngazi: kuruta anaanza kwa kiongozi wake wa karibu, ombi linafika kwa wakubwa wa kombania, na mwenye mamlaka ndiye anayekubali au kukataa. Akikubali, inaandikwa: nani, anakwenda wapi, anarudi lini saa ngapi. Getini anajiandikisha kutoka, akirudi anajiandikisha kuingia.

Sheria ni ya nchi nzima, lakini saa za kutoka na siku za wageni hupangwa na kikosi chenyewe. Kwa hiyo usimbane wako wa Makutupora eti kwa sababu wa mwenzako kule Ruvu katoka!

Unasema ni ukoloni? Hapana, bwana. Kambini watu huhesabiwa. Akikosekana mmoja, wenzake ndio wanaoamshwa kumtafuta. Na akipata ajali njiani, ile karatasi ndiyo inayojulisha kikosi alikuwa wapi. Ndiyo maana ruhusa ya Dodoma mjini siyo ruhusa ya Morogoro!

Kwa askari wa JWTZ mambo ni mazito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 inahesabu kuwa kosa kutokuwepo kazini bila ruhusa, na inahesabu utoro kuwa kosa jingine, kubwa zaidi. Kesi hizo zina mahakama zake za kijeshi. Hapo "kidogo tu mpenzi" inaweza kumwaga unga!

Je, kukitokea msiba Kondoa? Usimpigie kilio aruke ukuta. Mzee wa familia apeleke taarifa kambini: nani kafariki, wapi, mazishi lini. Naye akipewa ruhusa na basi likaharibika Chemba wakati wa kurudi, ajulishe kikosi kabla saa yake haijapita, siyo kesho yake akiwa na hadithi ndefu.

Anayekupenda atakuja na karatasi yake mfukoni. Anayekuja bila karatasi, mrudishe getini kabla hajahesabiwa!