Kuuona Mpaka wa Saratani: Mchango wa Samuel Achilefu katika Upasuaji

Katika upasuaji wa saratani ya titi, swali gumu kwa daktari ni mahali uvimbe unapokomea. Seli za saratani zilizo pembezoni hazina rangi ya pekee, wala kidole hakizitambui. Nyama iliyokatwa hupelekwa maabara ya patholojia, na mara nyingi majibu hutoka siku kadhaa baadaye, jeraha likiwa limekwisha kushonwa. Ikibainika kuwa ukingo wake una saratani, huenda mgonjwa akarudishwa mezani. Nchini Marekani hali hiyo imekuwa ikimpata takriban mgonjwa mmoja kati ya watano walioondolewa uvimbe bila kukatwa titi zima.

Samuel Achilefu, mwanasayansi mzaliwa wa Nigeria aliyepata shahada ya uzamivu mjini Nancy, Ufaransa, alilishughulikia tatizo hili akiwa katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis. Yeye na wenzake walibuni miwani ya kumwonyesha daktari mwanga ambao jicho lake haliwezi kuuona. Jicho la binadamu huona mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 hivi. Juu kidogo ya hapo, kati ya nanomita 700 na 900, damu na maji hufyonza mwanga kidogo tu, hivyo mwanga hupenya zaidi mwilini. Mgonjwa hudungwa rangi ya kitabibu ambayo, ikimulikwa, hung'aa katika eneo hilo. Kamera huunasa mng'ao huo na kuuonyesha mbele ya macho ya daktari. Hana haja ya kugeuza shingo kutazama skrini ilhali mikono yake imo ndani ya jeraha. Jambo hilo laonekana dogo, lakini si dogo kwa anayeshika kisu.

Miwani hiyo ilitumiwa kwa mara ya kwanza katika upasuaji wa mgonjwa mwezi Februari 2014. Rangi ya awali ilikuwa indosianini ya kijani, iliyoidhinishwa Marekani tangu 1959 kwa shughuli nyingine. Rangi hiyo haiijui saratani. Hufuata damu, kisha hukawia penye mishipa inayovuja. Na mishipa huvuja hata penye uvimbe wa kawaida usio na saratani. Kwa sababu hiyo, uzito halisi wa utafiti huu umo katika kemia kuliko katika miwani. Kundi la Achilefu liliunda rangi iitwayo LS301, ambayo hushikamana na protini ya aneksini A2 iliyobadilika kikemikali katika uvimbe wa saratani.

Hata hivyo, mng'ao wa seli zilizojificha kwa kina hufifia kabla ya kuifikia kamera, na kundi dogo sana la seli laweza lisiangaze vya kutosha. Kwa hiyo sampuli bado hupelekwa patholojia, hata pale miwani inapoonyesha giza tupu.