Kiti cha Shaba na Ngoma ya Karagwe

Hivi karibuni tulihudhuria mkutano wa hadhara katika kijiji kimoja cha mpakani mwa Wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mgeni rasmi aliwekewa kiti cha kale cha shaba chenye nakshi, kilichowambwa mahameli nyekundu kwenye kikalio na mgongo. Vijana wanne walikibeba kutoka barabarani. Wazee walikaa nyasini.

Hatuna ugomvi na kiti. Ndugu zetu wa Visiwani wanavijua viti vya enzi vya mwambao, na kazi ya fundi haina dhambi. Swali letu ni juu ya anayekikalia.

Karagwe ina habari zake za viti. Mnamo Novemba 1861 Waingereza Speke na Grant, walioondoka Unguja mwaka uliotangulia, walifika kwa Omukama Rumanyika. Mmoja wa wana wa Omukama alimwona Speke amekaa juu ya kiti kama mfalme, akakimbia kumwambia baba yake, na Speke akaitwa aonyeshe anavyokikalia. Rumanyika alipomwona, aliangua kicheko. Aprili 1862 Grant, mguu ukiwa na donda, aliondoka Karagwe amebebwa machelani.

Wala shaba haikuwa ngeni huko. Ililetwa na misafara ya biashara, na mwaka 1876 Stanley alionyeshwa katika hazina ya Rumanyika sanamu za bata na ng'ombe zilizofuliwa kwa shaba. Enzi yenyewe ilitoka kwenye ngoma. Speke alisimuliwa kwamba alipofariki Dagara, wanawe watatu walioshindania utawala waliwekewa ngoma ndogo waiinue. Wawili wakashindwa, Rumanyika akainyanyua kwa kidole. Mambo ya dawa tunawaachia wenyewe. Lakini waliotaka enzi walipimwa kwa kubeba, si kwa kukalia.

Utemi ulifutwa na Serikali mwaka 1963. Sisi tuliowahi kuitwa Mwenyekiti twajua jinsi neno hilo linavyoweza kumlevya mtu, ingawa chuoni tulisoma Kurani juu ya jamvi moja na mwalimu wetu, na heshima yake haikupungua.

Tunawaomba viongozi wa wilaya hizo mbili wakihifadhi kiti kile mahali ambapo wanafunzi watakiona, na mikutanoni mgeni rasmi apewe benchi pamoja na wazee.

Siku ile mvua ilianza kabla ya hotuba kwisha. Gari la mgeni liliondoka upesi, na vijana walewale wanne wakakitwaa kiti na kuanza kupanda nacho kilima, mahameli ikilowa.