Askari na Sindano: Funzo Kutoka Uswidi

Ndugu zetu wa jeshi na polisi, wapo watu wadhanio kwamba mkono uliozoea bunduki hauwezi, wala haustahili, kushika sindano. Leo twapenda kuwachukua hadi kaskazini ya Ulaya, tutazame jinsi taifa moja lilivyoziheshimu kazi ndogo ndogo za nyumbani, na jinsi askari wake walivyokuwa na fungu lao katika kazi hizo.

Nchini Uswidi majira ya baridi ni marefu. Katika mikoa ya kaskazini majuma ya mwisho ya majira hayo yana jina lake peke yake: vårvinter, yaani baridi iliyochanganyika na machipuko. Jua limekwisha kurudi na mchana umerefuka, lakini theluji ingali imelala juu ya mashamba, na ardhi iliyo chini yake imeganda kama jiwe. Mkulima hawezi kulima wala kupanda. Hata hivyo ana nafasi, tena ana mwanga wa kutosha. Basi tangu zamani watu wa huko waliutumia muda huo kutengeneza vyombo vya mwaka mzima: walichonga miiko, mabakuli na mipini ya majembe, wakasokota sufu, wakafuma soksi, wakatia nguo viraka. Ufundi huo wa mikono wenyewe huuita slöjd.

Askari naye hakuachwa nyuma. Kuanzia mwaka 1682, chini ya Mfalme Karl XI, Uswidi ilieneza utaratibu wa kuyapa mashamba kadhaa jukumu la kumtunza askari mmoja. Askari huyo hakuishi kambini. Alipewa kibanda, zizi dogo na kipande cha ardhi, akakaa humo na mkewe na watoto wake. Aliitwa mazoezini kwa muda mfupi kila mwaka, na vita vilipotokea aliitwa vitani. Lakini ardhi yake ilikuwa haba. Kwa hiyo wengi wao walijifunza ushonaji wa viatu, useremala au ushonaji wa nguo.

Tena palikuwa na jambo zito zaidi. Askari alipoondolewa jeshini, kibanda kile hakikuwa chake tena. Ilimpasa kumpisha askari mwingine. Ardhi ilibaki, zizi lilibaki, naye akaondoka na jamaa zake. Kilichofuatana naye, kisichoweza kunyang'anywa na yeyote, ni ufundi uliokuwa mikononi mwake. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1901, lakini twaamini kwamba kila askari akaaye katika nyumba ya serikali atalielewa jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Katika jimbo la Halland, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, wanaume kwa wanawake walifuma soksi za sufu, na nyingi ziliuzwa kwa jeshi. Ufundi huo ulipoanza kufifia, Bibi Berta Borgström, mke wa daktari, aliunda chama katika mji wa Laholm mwaka 1907 ili usipotee, na ili maskini wapate chumo.

Shuleni nako, mwalimu Otto Salomon aliongoza chuo cha walimu mahali paitwapo Nääs, karibu na mji wa Göteborg, na walimu wa nchi nyingi wakaenda kujifunza kwake. Shabaha yake haikuwa kuwafanya watoto wote maseremala. Alitaka wajifunze subira, usahihi na heshima kwa kazi ya mikono. Tangu mtaala wa mwaka 1969, wavulana na wasichana wa Uswidi hujifunza sindano na mbao pamoja.

Tuchukue mfano mmoja ambao kila askari aweza kuujaribu jioni ya leo, nao ni kutililia soksi iliyotoboka. Tafuta uzi unaolingana na soksi kwa unene. Ingiza ndani ya soksi kitu laini cha mviringo, kama kibuyu kidogo au balbu iliyoungua. Anzia penye nguo nzima, kandokando ya tundu, upitishe uzi kwa mistari iliyo sambamba mpaka tundu lote lifunikwe. Kisha geuza soksi, ukatize mistari ile, juu ya mmoja na chini ya mwingine, kama msusi wa mkeka afanyavyo. Usivute uzi kwa nguvu, wala usifunge fundo. Fundo dogo ndani ya buti humchubua mtu mguu kabla hajamaliza safari, na askari mwenye malengelenge ni mzigo kwa wenzake.

Ukipenda kuchonga mwiko, tumia mti mbichi, kwa kuwa huo hukatika kwa urahisi. Ukiisha kuupa umbo, uukaushe polepole kivulini, maana jua kali litaupasua.

Wala mtu asiseme kwamba hizi ni kazi za akina mama tu. Katika jeshi la Uingereza, kifuko cha sindano, nyuzi na vifungo alichobeba askari kiliitwa kwa jina lenye maana ya mama wa nyumbani. Askari walilicheka jina hilo, lakini kifuko walikibeba hata vitani, kwa sababu huko mbele hapakuwa na mke wala mama wa kumshonea mtu kifungo.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba azibaye ufa kwa mkono wake mwenyewe hujifunza pia namna ukuta ulivyojengwa. Watoto wetu wamekwisha kutuona tukiwa na silaha. Ni vema watuone pia tukiwa na sindano, patasi na kisu cha kuchongea. Siku ya kuvua sare haina budi kufika kwa kila mmoja wetu. Heri itukute tukiwa na ufundi wa kuondoka nao.