Dawa ya ukungu haimgusi bakteria wa mpunga

"Mtaalamu, nipulizie dawa gani ya ukungu?" Kila masika, Ifakara hadi Mlimba, swali ni hilo hilo, na muulizaji kashika jani la mpunga aina ya SARO lililokauka kuanzia nchani, njano ikishuka na kingo. Wengine wameshanunua. Huo si ukungu. Ni bakteria, Xanthomonas oryzae, yule aliyezua kizaazaa Dakawa, Morogoro hii hii, mwaka 2019.

Hakikisha mwenyewe. Kata jani bichi lenye dalili, chovya mkato kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, hao ni bakteria waliojifunga ndani ya ute wao.

Ute huo ni sukari zilizoungwa: glukosi mbili, manosi mbili na asidi ya glukuroni, kisha mpangilio ule ule tena na tena. Jeni 12 za kuutengeneza, gumB mpaka gumM, zimekaa mfululizo. Nyingine huunga sukari, nyingine husukuma mnyororo nje. (Ute wa binamu yake, Xanthomonas campestris, unakula kila siku: ndio unaozidisha uzito wa tomato sosi.) Mwaka 1999 watafiti wa India walivuruga gumG peke yake, ute ukakoma, na makali ya ugonjwa yakaisha. Malighafi ya ute bakteria anaitoa wapi? Kwako. Huingiza protini ndani ya seli za mpunga, ikaamsha jeni ziitwazo SWEET, sukari ikamvujia.

Sasa niambie, dawa ya ukungu inafanya nini hapo? Nyingi hulenga viungo vya fangasi ambavyo bakteria hana kabisa. Tena unapuliza juu ya jani, bakteria mwenyewe yuko ndani ya mishipa ya maji, kajifunika ute. Vidonge vya tetrasaiklini kwenye bomba la kupulizia ndiyo balaa zaidi: unafuga usugu shambani kwako. Na njano hiyo si njaa ya urea. Ukizidisha naitrojeni, ugonjwa unachanja mbuga.

Cha kufanya: mbegu safi, aina yenye ukinzani ukiipata, urea kidogo kidogo. Miche usiikate ncha unapopandikiza. Punguza maji yaliyotuama, usipite shambani majani yakiwa na umande, fukia mabua na maotea baada ya kuvuna. Kama uzi haukutoka kwenye glasi, muulize bwana shamba kuhusu kimyanga. Hicho huletwa na kirusi, na dawa ya ukungu haikitibu pia.